Rili iliyolowa maji: soma dalili, tafuta chanzo

Rili (mashine ya kuzungushia uzi wa kuvulia samaki) nyingi zinazofika kwa fundi hapa Dodoma hazikufa siku ile zilipolowa. Zilikufa baadaye, zikiwa zimening'inizwa ukutani na mwenyewe akiamini zimekauka. Hewa ya kwetu inadanganya. Ukitoka bwawa la Mtera alasiri ya mwezi wa tisa na rili imelowa chepechepe, ukiingia mjini ganda lake litakuwa kavu, na hata uzi wa juu utakuwa mkavu. Ndani ya ganda ni habari nyingine. Humo upepo haupiti, kwa hiyo maji yamejificha kwenye grisi na kwenye beringi, na yanaweza kukaa siku nyingi. Nayo yakikauka huacha palepale kila yalichobeba: chumvi, chokaa, tope.

Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, jiulize rili ililowa maji ya wapi. Mtera maji yake hayana chumvi, lakini msimu wa mvua Ruaha Mkuu na Kizigo huingiza tope jingi, na tope hilo likiingia kwenye gia linasaga meno. Bwawa la Hombolo, lililojengwa 1957, maji yake yana chumvi, na wakulima wa pale wanaijua kwa kuiona mashambani. Kinamasi cha Bahi ni kibaya zaidi wakati wa kiangazi: mto Bubu unaishia pale, hakuna mahali maji yanapotokea, jua linayanyonya na chumvi inabaki. Ziwa Singida na Kindai nayo ni ya chumvi. Halafu kuna wanaokwenda Bagamoyo au Tanga mwisho wa juma. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, naona rili nyingi zaidi zenye chumvi ya bahari, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni zikiwa mbichi. Huo mfuko ndio unaozimaliza.

Tope hukwaruza leo, chumvi hula polepole. Dalili zake hazifanani, na dawa zake pia hazifanani.

Zungusha kwanza, fungua baadaye

Vua spuli (kikombe kinachobeba uzi) kwa kulegeza nati ya breki, ile inayobana spuli isiachie uzi ovyo, hadi mwisho. Weka rili karibu na sikio, zungusha mkono wa rili polepole, kisha haraka kidogo. Sasa hesabu.

Kwenye ganda au kwenye spuli pameandikwa uwiano wa gia, kwa mfano 5.2:1. Maana yake ni kwamba ukizungusha mkono mara moja, rota (ile sehemu inayobeba upinde wa waya) inazunguka mara tano na ushee. Hesabu hiyo inakuokolea kazi kubwa. Ukisikia mkwaruzo mara moja kwa kila mzunguko wa mkono, tatizo liko kwenye gia kubwa au kwenye beringi zinazoibeba kushoto na kulia. Ukisikia mara tano hivi, liko kwenye pinioni (gia ndogo inayozungushwa na ile kubwa), kwenye beringi ya pinioni, au kwenye rota yenyewe. Kama mkwaruzo unakuja shafti inapopanda na kupotea inaposhuka, angalia shafti na kile kipande kinachoisukuma juu na chini. Mara nyingi ni tope lililoganda kwenye shafti, na unaweza kulifuta bila kufungua kitu kingine chochote.

Na kama rili iko kimya kabisa ukiizungusha tupu, lakini inapiga kelele samaki akivuta, usiiguse gia. Hicho ni kigurudumu cha uzi pale kwenye upinde, nitakifikia.

Watu wanaruka hatua hii. Wanafungua rili nzima, wanaijaza grisi, wanafunga, na kelele iko palepale kwa sababu ilikuwa kwenye beringi moja ndogo nje ya ganda.

Mkwaruzo wa mchanga

Kama umeshajua uko upande gani, toa beringi husika na uivishe kwenye kijiti cha kuchokolea meno, uizungushe kwa kidole. Beringi nzima inateleza bila kusita. Yenye uchafu inakwama na kuachia, inakwama na kuachia. Yenye kutu unaisikia kwenye ncha ya kidole hata kabla ya sikio.

Yenye uchafu inasafishika. Itumbukize kwenye kifuniko cha chupa chenye mafuta ya taa, itikise, mwaga, rudia hadi mafuta yatoke safi. Ikauke kabisa, kisha tone moja la oili nyepesi. Petroli husafisha haraka zaidi, lakini inaharibu sili za mpira na baadhi ya plastiki, na mvuke wake ukikutana na jiko la mkaa sebuleni tutakuwa tunazungumza mambo mengine kabisa. Mafuta ya taa yanatosha, nayo pia yasikaribie moto.

Yenye kutu haina dawa. Unaweza kuilainisha ikazunguka wiki moja, ila chuma kimeshachimbika na vipande vyake vinazunguka humo ndani. Badilisha. Usijaribu kuipima kwa sumaku ukitaka kujua kama ni ya chuma kisichoshika kutu: aina ya chuma hicho inayotumika sana kwenye beringi nayo hunaswa na sumaku, hivyo jibu litakupoteza.

Kwa upande wa gia, ifute kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, kisha ipitishe kwenye mwanga. Meno yaliyong'aa upande mmoja tu ni kawaida. Meno yenye vishimo vidogo au ncha zilizolika ndiyo chanzo, na grisi haitayarudishia.

Mkono mzito, lakini hauna kelele

Hii ndiyo dalili ya maji yaliyokaa ndani. Grisi ikikorogwa na maji inabadilika rangi, inakuwa nyeupe kama chai ya maziwa iliyopoa, na inanata. Ukiifungua rili ukaiona hiyo, usiongeze grisi mpya juu yake. Kufanya hivyo ni kuyafunika maji yakae vizuri. Ipanguse yote, ndani ya ganda, kwenye mashimo ya skrubu, nyuma ya gia, halafu safisha kwa mafuta ya taa, acha ikauke, na paka upya kiasi kidogo kwenye meno tu.

Uzito huo huo unaweza kutokana na grisi nyingi kupita kiasi. Mafundi wa pikipiki wana mkono mzito kwenye grisi, na wana sababu zao, lakini rili haibebi mzigo wa pikipiki. Utando mwembamba kwenye meno ya gia unatosha. Grisi ya kawaida ya beringi za magari inafaa kwa gia, mradi iwe mpya na isiwe ile ya kopo lililoachwa wazi dukani hadi likawa na vumbi.

Rangi unayoiona ndani

Hapa nitakaa kidogo, maana rangi inakwambia mengi kuliko sauti.

Kahawia inayoelekea wekundu ni kutu ya chuma: springi, skrubu, beringi, klipu. Springi yenye kutu ibadilishwe hata kama bado inafanya kazi, kwa sababu itakatika samaki akiwa upande wa pili. Kijani ni shaba nyeupe au nyekundu iliyoanza kulika, na kwa kawaida ni pinioni, ambayo kwenye rili nyingi imetengenezwa kwa madini hayo. Kijani chepesi kinafutika na gia inaendelea na kazi.

Nyeupe ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu kuna nyeupe tatu.

Ya kwanza ni chumvi. Dondoshea tone la maji safi ya uvuguvugu. Ikiyeyuka na kupotea, ilikuwa chumvi, na rili ilisuuzwa vibaya au haikusuuzwa.

Ya pili ni chokaa. Hii ni yetu sisi watu wa Dodoma. Maji ya mjini kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Makutupora, na ukitaka kujua yamebeba nini, angalia ndani ya birika lako la chai. Utando ule ule unajijenga kwenye rili unayoisuuza kila siku kwa maji ya bomba. Tone la siki au la ndimu litatoa povu dogo na utando utalainika. Usiiache siki hapo muda mrefu, maana inakula pia shaba na alumini. Dakika moja, futa, suuza, kausha.

Ya tatu ni alumini iliyolika. Huu ni unga mweupe usioyeyuka kwenye maji na usiotoa povu kwenye siki, na ukiukwangua kwa ukucha chini yake kuna shimo. Utaukuta zaidi kuzunguka skrubu, pale chuma cha skrubu kinapokutana na alumini ya ganda huku maji ya chumvi yakiwa katikati: metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi, ile dhaifu inaliwa. Mahali pengine pa kuutafuta ni kwenye spuli, chini kabisa ya uzi. Uzi wa kusokotwa hushika maji katikati ya nyuzi zake na kuyabana kwenye alumini kwa wiki nzima. Unga huo ukwangue kwa kijiti, si kwa kisu, suuza, kausha, paka grisi kidogo kwenye nyuzi za skrubu kabla ya kuirudisha. Shimo halitajaa tena, lakini halitaongezeka.

Kwa sababu ya hiyo nyeupe ya pili, mimi nasuuza kwa maji ya bomba kuondoa chumvi na tope, kisha namalizia na kikombe cha maji ya mvua. Wakati wa kiangazi, simtanki likiwa tupu, maji ya kunywa ya chupa yanafanya kazi hiyo, kwani rili moja haihitaji hata nusu lita.

Breki inateleza, au inashtuka

Kwenye rili za bei ya chini, breki ni washa (visahani vyenye tundu) za kitambaa kizito kilichopakwa mafuta. Kitambaa kikinywa maji, mafuta yanatoka na breki inaanza tabia mbili: ama inaachia uzi hata ukikaza, ama inashika na kuachia kwa mishtuko. Mshtuko ndio unaokata uzi. Kambale mkubwa wa Mtera hahitaji mishtuko mingi.

Toa washa zote kwa mpangilio, zibane kwenye kitambaa safi hadi maji yatoke, ziache zikauke kivulini usiku mzima, kisha zipake grisi maalumu ya breki za rili au grisi laini kidogo sana. Zikiwa nyembamba kama karatasi upande mmoja, zimekwisha. Washa za kaboni hazinywi maji, zinafutwa tu. Nyingine hutumika kavu, nyingine na utando wa grisi maalumu. Ulivyozikuta ndivyo uzirudishe.

Kuna sababu nyingine ya breki mbovu isiyohusu maji: watu huhifadhi rili ikiwa imekazwa. Washa zinabanwa miezi mitatu na kuganda. Kaza breki unaposuuza, ili maji yasiingie, kisha ilegeze kabisa kabla ya kuitundika.

Mkono unarudi nyuma

"Fundi, nikivuta ndoano impate samaki, mkono unazunguka kinyume." Hii mara nyingi si kitu kilichovunjika. Ndani ya shingo ya rili kuna klachi ya upande mmoja, yenye vipini vidogo vya chuma vinavyojibana rota ikitaka kurudi. Vipini hivyo vinahitaji kuwa karibu vikavu. Tope likiingia, au mtu akijaza grisi pale kwa nia njema, vinateleza badala ya kubana.

Itoe klachi ikiwa nzima, usiitawanye, maana vipini na springi zake ni vidogo sana. Isuuze kwa spiriti, ikauke, kisha iguse kwa pamba yenye dalili tu ya oili nyepesi. Asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba tatizo hili huonekana zaidi, kwa sababu grisi iliyomo inakuwa nzito.

Kigurudumu, upinde na uzi

Pitisha kipande cha uzi juu ya kigurudumu cha upinde, uvute huku umekaza. Kigurudumu kisipozunguka, kimeganda kwa chumvi au tope. Kiacheni hivyo na uzi wenu utasokoteka, utachanika ukingo, na mtalaumu duka lililouza uzi. Skrubu moja, fungua, futa, tone la oili, funga. Hiki ndicho kipande kinacholowa kuliko vyote na kinachosahaulika kuliko vyote.

Upinde usiofunga wenyewe ni tope kwenye bawaba zake au springi dhaifu. Safisha kabla ya kununua springi.

Uzi wa naironi hunywa maji na kupoteza sehemu ya nguvu yake ukiwa umelowa, kisha huirudisha ukikauka. Hakuna cha kurekebisha hapo, ila usiuanike juani: jua la saa saba la Dodoma linauharibu kuliko bwawa.

Ilizama yote

Imeanguka majini, au mtumbwi umepinduka. Usizungushe mkono. Kila mzunguko unapeleka tope ndani zaidi. Kama ni Mtera, usichuchumae ukingoni kuisuuza pia. Mamba na viboko wa pale hawajali rili yako ni ya bei gani, na maji yenyewe yana tope. Beba dumu la lita tano kutoka nyumbani. Mwagia taratibu kutoka juu, bila presha, kwa sababu maji ya nguvu, iwe ya mpira au ya mashine ya kuoshea magari, hupenya sili ambazo zingezuia mvua.

Kung'uta, funga kwenye kanga kavu inayopitisha hewa, si kwenye nailoni. Usiku huohuo ifungue. Rili iliyozama haina njia ya mkato. Hata ikizunguka vizuri asubuhi, maji yamo. Kuizika kwenye mchele hakuitoi chumvi, na wanga wa mchele unaingia kwenye grisi.

Ukifungua, piga picha kwa simu kila unapotoa kipande, na kiweke kipande hicho kwenye trei la mayai, tundu la kwanza hadi la mwisho. Zile washa nyembamba kama ganda la kitunguu zinazokaa nyuma ya gia na beringi si mapambo: ndizo zinazopanga meno yakutane sawasawa, na ukizibadilisha nafasi rili itakwaruza ikiwa safi kabisa. Nati ya rota ikikataa kufunguka, jaribu upande wa pili kabla ya kuongeza nguvu, kwani baadhi zimekatwa kinyume. Na kazi hii ifanyike ndani, mahali pasipofikiwa na upepo. Mwezi wa nane upepo wa alasiri utakujazia gia vumbi jekundu wakati unapangusa tope.

Mafuta yapi

Oili ya cherehani, ile ya kichupa kidogo, ni nzuri kwa beringi na kigurudumu, na iko kila soko. Mafuta ya kula hapana, hata kwa dharura. Yanakauka na kuwa gundi. WD-40 inafukuza maji, na ndiyo kazi iliyotengenezewa tangu 1953, lakini inaosha grisi na yenyewe haikai. Ukiitumia, hesabu kwamba umesafisha na bado hujalainisha.

Itengenezwe au inunuliwe nyingine

Rili ya bei ndogo ikiwa gia kubwa imelika, inunuliwe nyingine. Gia yake hutaipata, na ukiipata pinioni nayo itakuwa imelika kwa kufuata. Beringi, springi na washa za breki, hizo zinafaa kubadilishwa hata kwenye rili ya kawaida. Kwa beringi pima vipimo vitatu kwa milimita, tundu la ndani, ukingo wa nje na unene, na uangalie maandishi ya pembeni: 2RS ina kinga ya mpira pande zote mbili, ZZ ina kinga ya bati. Kwa Hombolo na Bahi nachukua ya mpira. Ukiagiza ya kigurudumu cha upinde, agiza mbili, kwani ndiyo itakayoharibika tena kabla ya nyingine zote.